Mafuta Gani kwa Kichwa Gani?

Pita Kariakoo, Darajani au Marikiti ya Mombasa, na kila kibanda cha vipodozi kitakuonyesha chupa inayoahidi nywele hadi mgongoni. Nazi, nyonyo, habasoda, parachichi, ubuyu, mwarobaini: yote yanasifiwa kwa maneno yale yale, kana kwamba kila mafuta hufanya kila kazi. Hayafanyi. Yapo yanayoingia ndani ya unywele na yapo yanayobaki juu. Yapo yanayomfaa mwenye nywele nene na kumwelemea mwenye nywele nyepesi. Yapo pia ambayo ngozi ya kichwa chako ni bora isiyaone kabisa. Chagua kwa kazi unayotaka ifanyike, na vidokezo hivi vitakusaidia kuijua hiyo kazi.

1. Maji kwanza

Mafuta hayalowanishi nywele. Ukavu ni upungufu wa maji, na kwenye mafuta hamna maji hata tone. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo kwenye nywele yasikauke upesi. Ndiyo maana mtu hupaka mafuta asubuhi kwenye nywele kavu na jioni anazikuta kavu vile vile, ila sasa zinang'aa na kushika vumbi. Nyunyizia maji kwanza, au subiri utoke kuoga nywele zikiwa bado na unyevu, kisha paka mafuta kidogo. Kijiko cha chai kinatosha vichwa vingi.

Anzia kwenye ncha, upande kuelekea juu. Wengi wetu hufanya kinyume: tunamimina utosini, tunasugua, halafu kinachobaki mikononi ndicho kinachopewa ncha. Nywele zinazojikunja zinataka ncha zitangulie, kwa sababu mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatoa hayashuki kwa urahisi kwenye mikunjo. Ngozi ya kichwa inaweza kuwa na mafuta ya kutosha huku ncha zikikatika kwa ukavu.

2. Zitazame nywele zako siku ya kuosha

Kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama utazama au utaelea, kiache. Mabaki kidogo tu ya mafuta yanatosha kuufanya unywele wowote uelee. Siku ya kuosha itakwambia mengi zaidi. Maji yakisimama juu ya nywele kama vitone, zikachelewa kulowa na kuchukua nusu siku kukauka, basi magamba yanayoufunika unywele yamelala na kufunga. Wewe unahitaji mafuta mepesi, tena machache. Zikilowa papo hapo na kukauka upesi, kama zinavyofanya nywele nyingi zilizopitia dawa, rangi au pasi, magamba yameachana, na mafuta mazito zaidi yatakusaidia kuziba mianya.

3. Nazi ipe nafasi yake kabla ya kuosha

Ukiniuliza mafuta ya kwanza kununua, nitasema nazi, na sisemi hivyo kwa sababu ya mazoea ya Pwani tu. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini: nazi peke yake ndiyo iliyopunguza waziwazi upotevu wa protini, ilipopakwa kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha. Nywele huvimba zikinywa maji na kusinyaa zikikauka, na kuvimba na kusinyaa huko kila wiki ndiko kunakozichosha. Nazi iliyokwisha kuingia ndani hupunguza maji yanayofyonzwa.

Basi ipake saa moja au mbili kabla ya kuosha, au usiku uliotangulia ukifunga kitambaa. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kuliko kujipaka asubuhi ili zing'ae.

Ukitaka kuyapika mwenyewe, chukua nazi zilizokomaa vizuri, zikune kwenye mbuzi, ukamue tui zito kwa maji machache ya uvuguvugu na ulichuje kwa kitambaa safi. Bandika kwenye moto mdogo. Mwanzoni litachemka kama tui la wali, kisha litakatika: mafuta yatajitenga na kupanda juu, machicha laini yaliyopenya kwenye kitambaa yatazama chini. Sasa tumia masikio. Maadamu mna maji, sufuria itaendelea kutatarika. Mlio ukitulia na mashapo yakigeuka kutoka meupe kuwa rangi ya dhahabu, epua mara moja, kwa sababu yakiungua mafuta yatanuka moshi na harufu hiyo haitoki. Chuja yakiwa ya moto kiasi, kwenye chupa iliyokauka kabisa. Maji yakibaki, hata kidogo, chupa itachacha mapema.

Kuna watu ambao nazi huwakausha nywele zikawa ngumu kama fagio. Ikikutokea baada ya kuipaka mara mbili tatu, nywele zako hazina kasoro. Hamia kwenye ufuta au parachichi.

4. Geuza chupa, usome Kilatini

Mbele ya chupa wataandika "asili" na kuchora nazi au jani. Ukweli uko nyuma, kwenye orodha ya viungo, na hupangwa kwa wingi: kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Majina ya mimea huandikwa kwa Kilatini, na machache tu yatakutosha dukani. Cocos Nucifera ni nazi. Ricinus Communis ni nyonyo. Persea Gratissima ni parachichi, Sesamum Indicum ni ufuta, Olea Europaea ni zeituni, Adansonia Digitata ni ubuyu, Nigella Sativa ni habasoda, Butyrospermum Parkii ni shea.

Ukikuta orodha inaanza na Paraffinum Liquidum, hayo ni mafuta ya madini, yatokanayo na petroli, na ubuyu uliochorwa mbele huenda uko mkiani kabisa, baada ya manukato. Mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi hayana sumu, na huzuia unyevu usitoke. Lakini hayapenyi unywele, na haifai ulipie bei ya ubuyu kupata kitu cha bei rahisi.

Kwa nazi, kuna njia ya kujaribu nyumbani. Nazi halisi huanza kuganda hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Weka chupa kwenye friji saa chache. Mafuta yakibaki majimaji, basi yamechanganywa, au ni yale yaliyochujwa na kuondolewa asidi ya lauriki, ambayo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

5. Nyonyo: yanalinda, hayaoteshi

Hapa najua nitagusa imani ya wengi. Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, yanauzwa kama mbolea ya nywele, na akina dada wenye nywele zinazopungua hununua chupa juu ya chupa. Hakuna ushahidi madhubuti kwamba yanaotesha nywele. Unywele hurefuka karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kasi hiyo huamuliwa chini ya ngozi: umri, urithi, lishe, homoni, afya ya mwili.

Lakini kuna kazi ambayo nyonyo huifanya vizuri. Takriban asilimia 85 hadi 90 ya mafuta haya ni asidi ya risinoleiki, ndiyo inayoyafanya yawe mazito na ya kunata kuliko karibu mafuta yote ya mimea. Yakipakwa juu ya unyevu hufunika unywele na kupunguza kukatika. Nywele zisizokatika huonekana ndefu, na hapo ndipo sifa ya kuotesha ilipozaliwa. Yachanganye: sehemu moja ya nyonyo kwa sehemu mbili au tatu za ufuta, alizeti au nazi. Paka kwenye ncha.

Usimwage nyonyo matupu kwenye nywele ndefu zilizofumuliwa, kisha ukazirundika kichwani na kuziosha kwa kusugua. Madaktari wamewahi kuona nywele zilizofungamana ghafla kwa namna hiyo zikawa donge moja gumu, na tiba ikawa mkasi. Na kama mbarika umeota uani, waweke watoto mbali na mbegu zake. Zina risini, sumu kali. Haimo kwenye mafuta yaliyotengenezwa vizuri kwa sababu haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu.

6. Ukiwa na mba, weka chupa chini

Hiki ndicho kidokezo ninachotamani kiwafikie wengi zaidi. Mtu akiona unga mweupe kichwani hudhani ngozi imekauka, basi anapaka mafuta. Unga unapotea siku mbili, kwa sababu magamba yamegandishwa, kisha unarudi na muwasho zaidi ya ule wa mwanzo.

Mba huletwa kwa sehemu kubwa na kuvu waitwao Malassezia. Wanaishi kwenye kichwa cha kila mtu, na hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta wanazohitaji, hivyo hula za kwetu. Wakishavunja mafuta huacha asidi ya oleiki, na kwa watu wengine ngozi huichukia: inawaka, inawasha, inabanduka. Karibu mafuta yote tunayopaka, zeituni yakiwa mbele, yana chakula chao. Kwa hiyo kupaka ngozi yenye mba ni kuwaongezea karamu.

Kinachosaidia ni shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, inayopatikana maduka ya dawa. Ipake kwenye ngozi ya kichwa, iache dakika 5 kabla ya kusuuza, urudie kila wiki kwa wiki kadhaa. Mafuta peleka kwenye nywele tu, kuanzia katikati hadi ncha.

Utatofautishaje mba na ukavu wa kawaida? Magamba ya mba huwa makubwa kiasi, yana mafutamafuta, mara nyingi ya manjano kidogo, na huja na muwasho. Ukavu huleta unga mdogo mkavu, na kwa kawaida miguu na mikono nayo imepauka. Magamba mazito ya rangi ya fedha juu ya ngozi nyekundu au ya zambarau, yanayovuka mstari wa nywele, ni jambo la daktari.

7. Mepesi usiyadharau

Alizeti ya Singida, ufuta wa Lindi, parachichi la Njombe: kwenye rafu za vipodozi hayapewi heshima ya argani ya Morocco, na bei yake haikaribiani. Kwa nywele nyembamba, au kwa kichwa kinacholowa kwa shida, alizeti na ufuta ni chaguo zuri sana. Parachichi ni zito kidogo na linafaa nywele zilizochoshwa na dawa. Ubuyu uko katikati na haunati. Tafuta yaliyokamuliwa bila moto. Rangi na harufu ya asili vitakuwa bado vipo.

8. Zeituni kwa nywele, si kwa ngozi ya mtoto

Kwenye nywele nene na kavu, zeituni ni zuri na la kudumu. Ila lina asidi ya oleiki nyingi, ambayo huweza kudhoofisha ngome ya juu ya ngozi. Kwa kichwa cha mtoto mchanga, au mtu mwenye ukurutu, tumia alizeti: asidi yake ya linoleiki ni rafiki zaidi wa ngozi.

9. Shea ya Uganda kaskazini

Shea nyingi dukani hutoka Afrika Magharibi, ni ngumu na inataka kupashwa viganjani. Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini kuna mshea wa jamii ya nilotika, ambao siagi yake ni laini zaidi na huyeyuka mara ikigusa kidole. Wanawake wa Acholi na Lango wameitengeneza vizazi na vizazi. Ukiipata, itakufaa kwa misokoto na kwa msimu wa upepo mkavu. Kidogo sana, kwenye nywele mbichi.

10. Mafuta ya matone ni makali

Karafuu, mchaichai, mnanaa na rozimeri huuzwa kwenye vichupa vidogo vya kudondosha. Haya hupatikana kwa mvuke, na makali yake ni mbali na ya nazi au ufuta. Mafuta ya karafuu, kama yale yanayotengenezwa kwa makonyo huko Wawi, Pemba, yamejaa eujenoli, ambayo ikigusa ngozi bila kuchanganywa huunguza. Matone 6 kwa vijiko 2 vya chakula vya nazi au alizeti yanatosha. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri siku moja hadi mbili. Mjamzito na mtoto mdogo wayaepuke mpaka wapate ushauri wa daktari.

Rozimeri imepata sifa kubwa mitandaoni, na sifa hiyo ina chanzo. Utafiti wa mwaka 2015 uliwahusisha watu 100 wenye upara wa kurithi: nusu walitumia rozimeri na nusu minoksidili ya asilimia 2, na baada ya miezi 6 matokeo hayakutofautiana sana. Ni dalili njema, lakini ni utafiti mmoja, minoksidili yenyewe ilikuwa ya nguvu ndogo, na hapakuwa na kundi lisilopakwa chochote. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa miezi, na kwa kipimo kile kile cha matone.

11. Mrehani na asumini: kausha kwanza

Desturi ya Unguja na Mombasa ya kutia maua kwenye mafuta ya nywele ni nzuri mno kuachwa ipotee. Bibi harusi mwenye nywele zilizopakwa nazi yenye mrehani, zikafukizwa udi, hahitaji manukato ya chupa. Angalizo ni moja: majani na maua mabichi yana maji, na maji ndani ya mafuta hualika ukungu. Yaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi, yatie kwenye mafuta ya vuguvugu, funika wiki moja au mbili, kisha chuja kabisa. Usiache majani chini ya chupa kwa ajili ya urembo.

12. Nunua chupa ndogo

Mafuta ya asili huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Chupa ya lita iliyokaa dirishani mwaka mzima si akiba. Nunua ya kukutosha miezi mitatu hivi, yenye rangi ya kahawia au kijani ikiwezekana, uiweke kabatini. Alizeti ambayo haijasafishwa hugeuka mapema. Nazi na nyonyo huvumilia. Nusa kila unapofungua: mafuta yaliyochacha hunuka kama karanga za zamani au rangi ya mbao, na yanaweza kuwasha ngozi. Yamwage.

13. Chunguza paji la uso

Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele na mashavuni mara nyingi hutoka kwenye mafuta ya kichwani. Acha upana wa vidole viwili bila kupaka, funga kitambaa cha satini usiku, na ufue foronya kila wiki.

14. Yajue yasiyo ya mafuta

Nywele za mbele na za kando zikinyofoka, tazama misuko kabla ya kutazama chupa. Rasta zilizobanwa mpaka nyusi zikapanda, kilemba cha nywele nzito juu ya twende kilioni, wigi la gundi: mvuto huo huumiza shina la unywele, na ukiendelea miaka, shina hufa na hapaoti tena. Mwambie msusi alegeze siku hiyo hiyo, ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Maumivu na vipele baada ya kusuka ni sababu tosha ya kufumua.

Mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika kwa mtoto ni mapunye, ambayo Kenya huitwa mashilingi. Mafuta hayayatibu, hata yawe ya mwarobaini. Huletwa na kuvu walioingia ndani ya shina, na dawa inayowafikia ni ya kumeza, kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari. Wakati wa matibabu mtoto awe na chanuo lake, kofia yake na taulo lake, na ndugu zake wakaguliwe vichwa.

Utosi unaopoteza nywele taratibu kuanzia katikati kwenda nje, wenye kuwasha au kuuma, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka 30, unataka daktari wa ngozi mapema, kwa sababu upo upara wa aina hiyo unaoacha kovu na kufunga vishimo vya nywele moja kwa moja. Ukienda, nenda na nywele zilizooshwa, bila mafuta, bila wigi, na umtajie kila ulichokuwa unapaka.